Ndovu Waliomzika Shangazi Beth

Shangazi yangu Beth Mwende alizikwa mchana wa jua kali, akiwa hai, amelala usingizi chini ya mgunga ulio ukingoni mwa shamba lake. Waliomzika ni ndovu. Hadithi hii sikuipata kwa watu. Mimi ndiye niliyemkuta, na mimi ndiye niliyemwondolea lile tawi lililokuwa limemfunika uso.

Shamba lake liko upande wa chini wa Mbololo, pale ardhi nyekundu inapotandaa hadi mbugani na hakuna cha maana kati yako na wanyama ila waya wa stima ambao siku nyingi hauna stima. Baba yangu Kilonzo na dadake huyu waliletwa huku na wazazi wao kutoka Ukambani wakiwa watoto wadogo, wakakulia hapa hapa. Beth akaolewa na Muinde, wakalima mahindi na ndengu, wakafuga mbuzi. Muinde alikufa kitambo, tumbo limevimba kama mtungi na macho yamegeuka manjano. Watu walisema amerogwa na mtu aliyegombana naye juu ya mpaka, na mambo yakaishia hapo. Shangazi akabaki na mwana mmoja, Lewis, na kazi ya kulinda shamba.

Kazi hiyo aliijua. Alikuwa na dungu lake la miti la kukaa juu akichunga mimea, na debe la kupiga, na sauti iliyosikika mbali sana upepo ukiwa upande wake. Ndovu aliwajua kama mtu anavyowajua majirani wasumbufu. Kulikuwa na jike mmoja mzee, pembe yake ya kushoto imevunjika, ambaye ndiye aliyewaongoza wenzake. Shangazi alimwita Mwenyekiti. "Huyo akiamua kikao leo ni kwa jirani yangu Nzau, mimi najilalia," alikuwa akiniambia huku nikimsuka. Mimi nasuka nywele mjini Voi, nyuma ya soko, na kichwa chake ndicho nilichojifunzia kazi.

Mbwa ndiye aliyeanza. Alikuwa akiitwa Kamanda, na miaka yote alilala miguuni pa shangazi. Ghafla akahamia kule uani. Akiitwa, alikuja nusu ya njia, akanusa hewa, akaketi akimpa mgongo. Mwanzoni shangazi alicheka. Baadaye aliacha kumwita. Alikuwa amekonda, lakini ukame ulikuwa umekondesha kila mtu, na maumivu yaliyokuwa chini ya mbavu zake za kulia aliyafunga kwa leso akanyamaza.

Jumapili ile nilitoka kanisani nikampelekea sukari na mafuta ya taa. Nilipokaribia shamba, kitu kilichonisimamisha ni kimya. Hakuna njiwa, hakuna mdudu. Mbuzi walikuwa wamesimama zizini, wote wakitazama upande mmoja. Dungu lilikuwa tupu. Chini ya mgunga niliona rundo la matawi, nikafikiri shangazi amekata kuni, nikashangaa kwa nini akate mbichi. Halafu nikaona kiatu chake.

Matawi yale hayakuwa yamerushwa ovyo. Yalikuwa yamelazwa, moja juu ya jingine, kutoka miguuni hadi kichwani, na juu yake umenyunyizwa udongo mwekundu laini kama ule ambao waombolezaji humwaga kwa viganja. Nyayo zilikuwa zimejaa kulizunguka rundo, pana kama sinia, zimekwenda duara, na hata moja haikukanyaga mahali alipolala.

Niliinua tawi la usoni nikijua nitakachokiona. Shangazi akafungua macho.

"Moureen," akasema kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, "nani amenifunika?"

Nilitazama upande ule ambao mbuzi walikuwa wakitazama. Karibu na silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, lililokuwa limekauka, kundi zima lilikuwa limesimama. Hawakuwa wakila. Masikio yao hayakupepea. Mwenyekiti alikuwa mbele. Walitutazama tukiinuka, mimi nikimkung'uta shangazi udongo kwenye nywele, kisha wakageuka na kuondoka kwa mstari, polepole, kama watu wanaotoka makaburini.

Askari wa wanyamapori aliyekuja kukagua nyayo alikuwa mtu mzima, mpole. Alilizunguka lile rundo, akavua kofia bila yeye mwenyewe kujua.

"Ndovu hufunika wafu wao," akasema. "Kuna wakati hufunika mtu aliyelala, wakidhani amekufa. Nimesikia tu. Sijawahi kuona."

"Na kwa nini walidhani amekufa?" nikamuuliza.

"Pengine ni harufu." Akamtazama shangazi kwa muda. "Mama, wewe huumwi?"

Shangazi akasema haumwi. Alisema hivyo huku ameshika mbavu.

Nzau, jirani wa shamba linalofuata, mwanamume mnene wa maneno mengi, alifika, akaliangalia rundo, akarudi kwake bila hata kusalimia. Kesho yake niliyasikia maneno yake sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akinunua nyanya: "Ndovu hakosei. Yule amekwisha kufa, ni vile hajaambiwa."

Lewis ana karakana ya kutengeneza redieta Voi. Alipopata habari alifunga, akaja na mafuta bado mikononi. Alimkuta mamake jikoni akikoroga uji.

"Mwaitu," akamwambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "kesho tunaenda hospitali."

"Kwa sababu ya ndovu?"

"Kwa sababu ya Baba."

Shangazi akaweka mwiko chini. Hakubisha tena.

Pale Voi walimpima tumbo kwa ile mashine ya kupaka mafuta na kupitisha juu ya ngozi. Aliyempima alikuwa akituchekesha na habari za mpira. Alipofika chini ya mbavu za kulia aliacha kuongea, na hakuongea tena hadi alipomaliza. Wakatuandikia twende Mombasa.

Daktari wa saratani tuliyempata Mombasa alikuwa mwanamke wa kwetu, wa Mghange huko juu milimani, jina lake Mghoi. Alituonyesha ini la shangazi kwenye skrini. Lilikuwa kama wingu la kijivu, na ndani yake mviringo mmoja mkubwa na mingine midogo midogo imesimama kando yake.

"Mkubwa ndio Mwenyekiti," shangazi akasema. Daktari hakuelewa, na mimi sikucheka.

Alitueleza kwamba damu ya shangazi ina virusi vya ini, hepatitisi B, ambavyo huenda amekuwa navyo tangu utotoni bila kujua. Vinaweza kukaa miaka mingi kimya, vikilila ini kidogo kidogo. Kisha akauliza kuhusu mahindi.

"Mmewahi kula yaliyoota ukungu?"

"Miaka ya njaa tulikula tulichokuwa nacho," shangazi akasema. "Tuliyaosha, tukayaanika, tukasaga."

"Ukungu hutoka, Mama. Sumu yake hubaki."

Shangazi akauliza: "Na mume wangu? Alikufa amevimba tumbo, wakasema amerogwa."

"Siwezi kumpima sasa. Lakini kwa hayo mnayonieleza, ningelifikiria ini kabla ya kufikiria mchawi."

Uvimbe haukuweza kukatwa. Ulikuwa umeshaingia kwenye mshipa mkubwa wa ini. Miaka si mingi iliyopita, daktari akasema, hapa ndipo angetuambia twende nyumbani tukakae pamoja. Siku hizi kuna njia ya kutumia dawa mbili kwa pamoja, zote za dripu, kila baada ya wiki tatu.

"Mwili wako una walinzi," akasema. "Wanazunguka kwenye damu wakitafuta adui. Uvimbe huu umejifunza ujanja wa kuwaambia, 'mimi ni wa hapa, piteni.' Nao wanapita. Dawa ya kwanza inauvunja ujanja huo ili walinzi waone. Ya pili inaziba njia. Uvimbe hujitengenezea mishipa yake ya damu ili ujilishe, na ni mishipa mibovu, imesongamana hata walinzi wenyewe hawapiti vizuri. Tukiipunguza, uvimbe unakosa chakula na walinzi wanapata pa kupita."

"Hao walinzi walikuwa wapi siku zote?"

"Walikuwepo."

"Wakitazama?"

"Wakitazama," daktari akasema.

Nililiona jambo hilo likimpita shangazi mwilini. Mtu aliyekaa miaka juu ya dungu anajua maana ya kutazama. Akauliza kwa nini asipewe dawa moja tu kwanza, wakaona. Daktari akasema moja peke yake imejaribiwa, na inasaidia wachache. Zikienda pamoja zinasaidia wengi zaidi. "Si wote. Sitakudanganya."

Ndipo shangazi akamsimulia habari ya matawi. Nilidhani daktari angetabasamu. Aliinuka akafunga mlango, akarudi, akamwomba aanze tena mwanzo.

"Kwetu Mghange hatucheki mambo kama haya," akasema mwishowe. "Lakini wale ndovu hawakujua kama nina hizi dawa."

Kabla ya kuanza, walimshusha kamera kooni, kwa sababu dawa ya pili huweza kumtoa mtu damu ndani kwa ndani. Walikuta mishipa iliyovimba, wakaifunga kwa vipira vidogo, tukangoja ipone. Akaanzishiwa pia vidonge vya kuvituliza vile virusi. Halafu siku ikafika, akakalishwa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, akachomwa mkononi kanula ya kupitishia dawa. Mfuko wa kwanza ukaning'inizwa, ukaisha, wa pili ukafuata. Dawa zote mbili hazikuwa na rangi. "Kama maji ya kunywa," shangazi akasema, akionekana amevunjika moyo. Alitarajia kitu cha kutisha.

Kwenye kiti cha pili alikaa Donald, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Bomeni, Taveta, mwenye ugonjwa ule ule na dawa zile zile. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imelegea kama nguo ya mtu mwingine. Walizoeana upesi. Alipoisikia habari ya ndovu aliuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuuliza.

"Walikufunika na uso?"

"Na uso."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi nimefunikwa na watu wangu. Wameshaanza kuongea juu ya migomba yangu nikiwa nimeketi pale pale."

Nyumbani Mbololo mambo yalikuwa yamegeuka. Hakuna aliyemtukana shangazi. Walifanya tu mambo madogo. Muuza duka aliweka bidhaa kaunta na kurudi nyuma, ndipo shangazi azichukue. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mama mmoja alimjia mchana, akakaa mlangoni, akamwomba kwa heshima sana, akikutana na binti yake marehemu, amwambie mtoto aliyemwacha anaendelea vizuri shuleni. Shangazi akamwambia, "Nitamwambia." Aliponisimulia nikamuuliza kwa nini akubali. "Alikuwa ametoka mbali kwa miguu," akajibu.

Nywele nazo zilizua maneno. Kila mtu alijua kwamba dawa za saratani hunyonyoa nywele. Hizi hazikumnyonyoa. Niliendelea kumsuka kama kawaida, na watu waliziangalia zile nywele nyeusi, nzito, kwenye uso uliokonda, wakaingiwa na hofu zaidi kuliko kama angekuwa na upara. "Saratani gani hii isiyogusa nywele?" Nzau aliwauliza watu.

Kisha asubuhi moja, tulipofungua mlango, tulikuta matawi mabichi kizingitini. Yalikuwa yamepangwa vizuri, na udongo mwekundu umenyunyizwa juu. Nilikuwa nimelala kwake usiku ule. Shangazi aliinama akayachunguza.

"Ndovu angevunja ua," akasema. "Hii ni mikono."

Akayabeba akawatupia mbuzi. Mbuzi waliokuwa hawajashiba tangu mvua ikatike waliyanusa, wakarudi nyuma hadi ukutani mwa zizi. Hawakuyala. Yalikauka pale. Mpaka leo hatujui aliyeyaleta, na sijui mbuzi walinusa nini.

Safari ya baadaye Mombasa, kiti cha Donald kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa nimeenda kununua maji. Niliporudi nilimkuta shangazi amekigeukia kile kiti, anazungumza. Aliuliza habari ya ndizi, akanyamaza kama mtu anayesikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Haya basi, tangulia."

"Shangazi, unaongea na nani?"

"Na Donald. Si huyu hapa."

Nilimwita muuguzi, muuguzi akamwita Daktari Mghoi. Daktari hakushtuka. Alimwambia shangazi anyooshe mikono mbele, viganja vimeinuliwa, kama anayesimamisha gari. Mikono ikapiga-piga yenyewe, kama mbawa za ndege aliyechoka. Akatueleza kwamba ini likizidiwa, uchafu wa damu hupanda kichwani, mtu akachanganyikiwa, akalala mchana, akaona yasiyokuwepo. Akasimamisha dripu siku hiyo, akampa dawa ya maji, tamu, ya kumwendesha tumbo ili uchafu utoke. Baada ya siku chache kichwa kikawa safi kabisa. Alijua siku, mahali na majina yetu sote.

Nilifarijika kwa maelezo hayo. Niliyashika vizuri. Ila tulipokuwa tukiondoka nilimuuliza muuguzi kuhusu Donald, akasema kwamba kwake zile dawa hazikushika, na amefariki nyumbani Taveta. Lini? Asubuhi ile ile ambayo shangazi alizungumza na kiti. Sikumwambia shangazi. Kwenye ngazi akaniambia mwenyewe, bila kunitazama, "Nilijua. Aliniaga."

Matibabu yakarudiwa. Likaja balaa jingine, na hili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilionekana na watu wote. Voi ilikuwa inachemka, mbwa wamejilaza kwenye vivuli vya magari, na shangazi akaanza kuhisi baridi. Alivaa sweta. Juu ya sweta akavaa koti la Lewis. Uso wake ulivimba ukawa kama wa nta, sauti ikawa nzito na ya chini, maneno yanatoka moja moja kama ya mtu anayeongea kutoka shimoni. Alitembea polepole. Ukimshika mkono, ulikuwa baridi, saa saba mchana, Voi. Nakiri kwamba siku moja nilimsuka nikiwa nimefumba macho.

"Moureen," akaniambia kwa sauti ile, "labda Nzau anasema kweli."

"Nzau ni nani hata umwamini?"

"Mwenyewe nashika mkono wangu naona si wa mtu."

Akasema hataenda tena Mombasa. Kama amekufa, amekufa, aachwe. Lewis alimsihi, akalia mbele yake, mwanamume mzima mwenye karakana. Hakukubali. Nikampigia Daktari Mghoi simu nikamweleza ile baridi, ule uso, ile sauti. Akaniambia nimwekee simu sikioni.

"Mama Lewis," nilimsikia akisema, "wale walinzi tuliowaamsha wamekasirika kupita kiasi. Wameshambulia na tezi iliyo shingoni mwako, ile inayoupa mwili joto. Ni jambo tunalolijua. Lina kidonge. Kidogo tu, kila asubuhi."

Shangazi akafikiri. "Kwa hivyo wanapigana?"

"Wanapigana, Mama. Na wewe ndiwe uwanja."

Alikubali kwenda kuchukuliwa damu tu. Damu ikaonyesha ni kweli. Akaanza kumeza kile kidonge, na kabla joto halijamrudi vizuri akaamka siku moja akasema anataka kupanda kwenye dungu. Alikuwa hajakanyaga huko tangu siku ile. Lewis alikataa. Nilimwambia Lewis nitakwenda naye.

Ilikuwa mchana tena. Jua limesimama. Lile rundo lilikuwa bado chini ya mgunga, matawi yamekauka yakawa ya kahawia, maana hakuna mtu aliyethubutu hata kuyafanya kuni. Tulipanda, tukakaa. Upepo ulikuwa ukitoka mbugani kuja kwetu. Sijui tulikaa muda gani. Sikusikia chochote, kwa sababu ndovu mzima anaweza kutembea bila kuvunja kijiti, lakini mkono wa shangazi, ule wa baridi, ulinishika goti.

Mwenyekiti alikuwa anakuja peke yake, wengine wamesimama nyuma. Hakuja kwenye mahindi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye rundo. Alisimama juu yake, kichwa kimeinama. Kisha akaanza kuyaondoa matawi kwa mkonga, tawi moja moja, akiyaweka kando. Alipofika chini alipapasa udongo kwa ncha ya mguu, taratibu sana, kama mtu anayetafuta sindano. Akapapasa pale palipokuwa kichwa. Akapapasa pale palipokuwa miguu. Hapakuwa na kitu. Akasimama.

"Ananitafuta," shangazi akanong'ona.

Hapo upepo ukageuka. Niliuhisi kwenye shingo ukitoka kwetu kwenda kwake. Mkonga ukapanda juu, ukapinda, ukaelekea kwenye dungu. Alituona. Siwezi kuapa kwamba ndovu ana uso wa kuonyesha mambo, lakini mwili wote wa mnyama yule ulikakamaa, masikio yakafunguka, na akatoa sauti ambayo sijaisikia tena. Haikuwa ya hasira. Akarudi kinyumenyume. Akageuka akakimbia, na kundi lote likakimbia naye, watoto wanajikwaa, vumbi jekundu likasimama juu ya uwanda kama ukuta. Walikimbia kama watu waliomwona mfu wao amekaa juu ya mti.

Shangazi alibaki ametazama lile vumbi. "Hata wao," akasema. Kisha machozi yakamtoka, na sikujua ni ya nini, na sikumuuliza.

Alikubali kurudi Mombasa, na skani iliyofuata ndiyo iliyotuambia kilichotokea mwilini mwake. Daktari Mghoi aliweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya. Ile midogo iliyokuwa imesimama kando, mingine ilikuwa haipo. Mkubwa ulikuwa umekunjamana, umepungua hata kupita nusu, na katikati yake palikuwa na weusi. "Hapa pamekufa," daktari akasema, akiweka kidole. Hakusema shangazi amepona. Alisema dawa zimeshika, kwamba zitaendelea mradi zinashika, na kwamba kuna siku zinaweza kuacha kushika. Shangazi aliuliza kama anaweza kuigusa skrini. Akaweka kiganja chake pale palipokuwa pamekufa, akakiacha kwa muda.

Siku hiyo hiyo daktari alimgeukia Lewis na kumwambia aende kupimwa, yeye na mkewe na mtoto wao. Virusi hivi hupita katika familia kimya kimya. Lewis alikutwa navyo, ini bado zima, akawekwa chini ya uangalizi. Mkewe hakuwa navyo, akachanjwa. Mtoto alikuwa amechanjwa tangu akiwa mchanga, kliniki, na hakuna aliyekuwa anakumbuka. Lewis alirudi na magunia mapya na turubai, akaanza kumsumbua kila mtu Mbololo juu ya kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka. Wengine walimsikiliza.

Miezi imepita. Shangazi bado anaenda Mombasa. Kuna wiki ana nguvu na kuna wiki halili kitu. Watu wamelegea kidogo, ingawa benchi la kanisani halijajaa.

Juzi nilikuwa kwake, namsuka uani, alasiri, tukamwona Nzau amesimama langoni. Alikuwa amepungua. Shati lake lilimning'inia mabegani, lakini tumbo limesimama mbele. Hakuingia hadi shangazi alipomwita.

"Mama Lewis," akasema, akiangalia chini. "Hili tumbo. Nimekunywa mitishamba, halishuki."

Shangazi hakumwambia neno lolote la zamani. Alimwambia akae kwenye kigoda, amwangalie juani. Nami niliyaona macho ya Nzau. Weupe wake ulikuwa umeingia manjano.

"Kwanza wakutoe damu hapa Voi," shangazi akasema. "Usingoje. Mimi naenda Mombasa Jumanne, wakikuandikia tutaenda pamoja. Asubuhi usile kitu, pengine watataka kukupima ukiwa hujala. Na mahindi yaliyo ghalani kwako, Lewis atakuja kuyaangalia."

Nzau alizungusha kofia mikononi. "Na watu wakiniuliza naenda wapi?"

"Waambie unapelekwa hospitali na marehemu."

Hakucheka. Lakini Jumanne, tulipofika stendi, alikuwa ameshatangulia, ameketi na mfuko wake magotini, anatungoja.